Kwarara wawili: Kwa nini mmoja amejaa Gusii na mwingine ni wa kutafutwa

NI nadra kumpata mtu aliyelelewa katika kaunti za Kisii na Nyamira asiyeifahamu sauti ya kwarara. Kabla jua halijachomoza, ndege hawa huondoka mitini walikolala na kupita juu ya migomba na mashamba ya majanichai, wakitoa kilio kikali ambacho huwaamsha hata wenye usingizi mzito. Magharibi inapoingia, hurejea kwa kelele zizo hizo.

Kwarara huyo wa kelele ndiye kwarara hijani, ambaye pia hujulikana kwa jina la hadada. Anaye jamaa yake mweupe ambaye hajazoeleka sana milimani. Kwarara mweupe ana kichwa na shingo vyenye ngozi nyeusi isiyo na manyoya, na makazi yake hasa yako chini zaidi, katika vinamasi na mashamba ya mpunga ya ukanda wa Ziwa Victoria. Anapojitokeza katika mabonde ya Gusii, ni rahisi kumdhania kuwa yangeyange, yule ndege mweupe anayeandamana na ng'ombe malishoni.

Kuwatofautisha ndege hawa wawili kuna faida kubwa kuliko kujua majina tu. Mmoja amefaidika na shamba la mkulima. Mwingine angali anategemea maji ya wazi na ardhi chepechepe, yaani mali ambayo inazidi kuadimika katika eneo lenye watu wengi kama Gusii. Kwa hivyo, anayesikia kelele za kwarara kila alfajiri na kuamua kwamba ndege wa majini wako salama, huenda anamsikia mmoja na kumsahau mwenzake.

UKOO MMOJA, MATAWI MAWILI

Kwarara wote ni wa familia ambayo wanasayansi huiita Threskiornithidae, yenye spishi zipatazo 35 duniani. Ndani ya familia hiyo wamo pia domomwiko, ndege wa majini wenye mdomo uliopanuka nchani mithili ya mwiko. Alama ya kwarara ni mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda kuelekea chini kama mundu.

Nchini Kenya kuna spishi nne za kwarara. Mbali na hijani na mweupe, yupo kwarara mwenye manyoya ya rangi ya damu ya mzee yanayong'aa, ambaye hupenda maziwa na vinamasi. Wa nne ni kwarara zeituni, ndege adimu wa misitu ya milimani ambaye watu wachache mno wamewahi kumwona.

Kwarara hijani na kwarara mweupe walipewa majina yao ya kisayansi na Mwingereza mmoja, John Latham, katika mwaka mmoja, 1790. Hata hivyo, leo kila mmoja huwekwa katika jenasi yake: hijani ni Bostrychia hagedash, na mweupe ni Threskiornis aethiopicus. Kwa lugha ya ukoo, tungesema kwamba hawa hawakunyonya ziwa moja. Ni binamu.

Ndugu wa karibu wa kila mmoja hudokeza tabia yake. Jenasi ya hijani ni ya Afrika pekee, na ndani yake wamo kwarara zeituni wa misituni na kwarara wa nyanda za juu za Ethiopia. Kwarara zeituni ni ndege aliyezoea miti na ardhi yenye kivuli. Jenasi ya mweupe imeenea mbali zaidi, kutoka Afrika na Madagascar hadi Asia na Australia, na wengi wa jamaa zake huishi kwa makundi katika maeneo ya wazi yenye maji.

UMBO NA RANGI

Kwa ukubwa, wawili hawa wanakaribiana. Kwarara hijani ana urefu wa sentimita 65 hadi 76 na uzani wa takriban kilo moja na robo. Kwarara mweupe hufikia urefu wa sentimita 70 hivi, uzani wa kilo moja na nusu, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja kutoka ncha hadi ncha.

Kwa mbali, kwarara hijani huonekana wa kijivu kilichochanganyika na kahawia, rangi ambayo haimvutii mtazamaji. Uzuri wake hufichuka jua linapompiga begani. Hapo manyoya ya mabawa hung'aa kijani na zambarau, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, na jina lake la hijani, yaani kijani, limetokana na mng'ao huo. Shavuni ana mstari mweupe unaoanzia mdomoni kuelekea nyuma ya jicho, na sehemu ya juu ya mdomo wake ina wekundu. Kichwa chake kimefunikwa kwa manyoya, na miguu yake ni mifupi.

Kwarara mweupe hahitaji jua ili atambulike. Mwili wake ni mweupe, huku kichwa, shingo, mdomo na miguu vikiwa vyeusi. Juu ya mkia wake huning'inia manyoya laini meusi yenye wekundu wa zambarau, mfano wa shela. Anaporuka, ukingo wa nyuma wa mabawa yake huonyesha utepe mweusi uliouzunguka weupe. Kinda lake lina manyoya ya madoadoa meusi na meupe kichwani na shingoni, ambayo hupukutika kadiri linavyokomaa.

Hapa ndipo yangeyange anapotengana na kwarara mweupe. Yangeyange ni mdogo, ana mdomo mfupi ulionyooka wenye rangi ya manjano, na kichwa chake kina manyoya meupe. Anaporuka, hukunja shingo. Kwarara, awe hijani au mweupe, huruka akiwa ameinyoosha shingo mbele.

SAUTI NA UKIMYA

Jina hadada limetokana na sauti ya ndege mwenyewe, na hata neno hagedash katika jina lake la kisayansi ni jaribio la kuiandika sauti hiyo. Mmoja akianza, mwenzake humjibu, na mara kundi zima huingilia. Kilio hicho huwa kikubwa zaidi wanaporuka, hasa alfajiri wanapotawanyika kwenda kutafuta chakula na jioni wanaporejea kulala. Mchana hupiga kelele wanaposhtuliwa.

Kwarara mweupe ni mkimya. Nje ya majira ya kuzaa, anaweza kupita juu ya kijiji kizima pasipo mtu kuinua macho. Makundi yake huruka kwa safu au kwa umbo la mshale, bila mbwembwe. Sauti anayo, lakini huitumia zaidi kwenye viota, ambako hukoroma na kulalama kwa sauti ya chini.

Tofauti hiyo ina athari kubwa katika namna watu wanavyowahesabu. Kwarara hijani watatu huweza kufanya kijiji kidhani wako 20. Kwarara weupe 20 huweza kutua bondeni, wakala, wakaondoka, na asiwepo wa kusimulia.

MDOMO UNAOONA GIZANI

Chakula cha kwarara hijani kimo ndani ya udongo. Hutembea polepole kwenye nyasi fupi au shamba lililolimwa, akidunga mdomo wake ardhini mara kwa mara na kuibuka na nyungunyungu, nyenje, konokono, mabuu ya mende au viwavi. Tendo hilo halifanyiki kwa kubahatisha. Ndani ya mfupa wa ncha ya mdomo wake mna vishimo vidogo vidogo vyenye vihisio vya neva, ambavyo hutambua mtikisiko wa mdudu anayetambaa asikoonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, ambako ndege huyu amejaa hata mjini, wamebainisha kwamba hutumia hisia hiyo kutafuta mawindo yaliyozikwa udongoni, na kwamba udongo wenye unyevu humrahisishia kazi.

Kwa mkulima, mgeni wa aina hiyo hana hasara kubwa. Hali mahindi wala maharagwe. Wengi wa wadudu anaowachimbua ni wale wanaotafuna mizizi na miche, na vidungio vyake hupenyeza hewa na maji udongoni.

Kwarara mweupe naye hana uteuzi mwingi. Hula wadudu, vyura, samaki wadogo, kaa, konokono, panya, mizoga, na hata mayai na makinda ya ndege wengine. Hudunga tope kama binamu yake, lakini hupenda zaidi maji ya kina kifupi, kingo za mabwawa, mashamba ya mpunga na malisho yaliyofurika. Katika miji mingi ya Afrika huonekana majalalani. Kwa hivyo, si chakula kinachomzuia kuishi karibu na watu. Kinachomzuia ni ukosefu wa mahali pa wazi penye maji, na mahali pa kuzalia kwa pamoja.

WANAVYOZAA

Katika uzazi, hijani ni ndege wa faragha. Dume na jike hukaa pamoja kwa muda mrefu na aghalabu hurudi kuzaa mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Kiota chao ni jukwaa la vijiti lililowekwa kwenye panda la mti, nalo hujengwa kwa uzembe kiasi kwamba mayai au makinda huanguka mara nyingine. Jike hutaga mayai mawili au matatu. Wazazi wote wawili huatamia kwa takriban siku 26 na kulisha pamoja. Mti mmoja ndani ya boma unatosha kuanzisha familia.

Kwarara mweupe huzaa katika umma. Makumi, mamia au hata zaidi ya elfu moja hujenga viota vyao pamoja, kwenye miti mikubwa, vichaka vya kisiwani au matete, mara nyingi wakichangamana na mnandi, koikoi, yangeyange na korongo. Mvua ndizo huamua wakati. Jike hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, ambayo huatamiwa kwa takriban majuma manne, na makinda huweza kuruka baada ya siku 35 hadi 40. Ndege wa namna hii hawezi kuridhika na mti mmoja kwenye boma. Anahitaji eneo tulivu lenye nafasi kwa kundi zima, na chakula cha kutosha karibu kwa muda wa miezi kadhaa.

SHAMBA LA GUSII

Kwa mtazamo huo, hali ya Gusii inaeleweka. Nyanda hizi zina rutuba na hupata mvua ya kutosha karibu mwaka mzima. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii pekee ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa warithi kizazi baada ya kizazi, hata mengi yamebaki vipande vyembamba vinavyoanzia barabarani mlimani na kuishia mtoni bondeni.

Kipande kama hicho, ambacho kingemfukuza ndege wa msituni, kimemfaa kwarara hijani. Huko kuna udongo uliolimwa na kulainika, nyasi zilizoliwa na ng'ombe zikabaki fupi, mbolea ya samadi inayokuza nyungunyungu, uwanja wa shule, na miti iliyopandwa mipakani. Jambo kama hilo limeshuhudiwa Afrika Kusini, ambako katika karne ya 20 kwarara hijani alienea kutoka sehemu za mashariki hadi akafika Cape Town, akifuata miti iliyopandwa na watu na ardhi iliyonyunyiziwa maji.

Miongoni mwa miti hiyo ni mkaratusi. Mti huu wenye asili ya Australia umependwa Gusii kwa kuwa hukua upesi na una soko la nguzo, mbao na kuni, zikiwemo kuni za kukaushia majani katika viwanda vya chai. Wakulima wengi waliupanda kwenye sehemu ya shamba iliyokuwa na maji mengi, yaani chini bondeni, mahali ambapo mahindi hayakustawi. Kwarara hijani hulala na kujenga viota kwenye mikaratusi pasipo tatizo. Ila mti huohuo, ukipandwa kwa wingi kwenye chemchemi, hunyonya maji hadi bonde likauke. Kitanda cha kwarara mmoja kimekuwa kaburi la malisho ya mwingine.

Mkaratusi hauko peke yake katika lawama hii. Mabonde yamechimbwa mitaro ili yapandwe mboga, ndizi na nyasi za nepia. Kwingine udongo wa mfinyanzi umechotwa kwa ajili ya matofali. Kila mwenye shamba ana sababu yake, nayo mara nyingi ni karo ya shule au chakula cha watoto, wala si haki kumhukumu kana kwamba anaharibu kwa kupenda. Hata hivyo, mabonde mia yaliyokaushwa na watu mia, kila mmoja akidhani chake ni kidogo, huishia kuwa hasara moja kubwa.

Wala kwarara hijani mwenyewe hayuko salama daima. Mdomo wake wenye hisia unahitaji udongo mwororo na wenye unyevu. Ardhi ikikauka na kuwa ngumu, hata yeye hulazimika kuhamia kwingine. Tofauti ni kwamba yeye ataondoka mwisho, ilhali mweupe huondoka mwanzo.

KINACHOTENDEKA MLIMANI HUTEREMKA

Mito ya Gusii haiishii Gusii. Gucha, ambao pia huitwa Kuja, huanzia katika vilima vya Nyamira, ukapita Kisii na Migori hadi Ziwa Victoria. Sondu hupita mpakani mwa Nyamira na Kericho, kisha huteremka hadi Nyakach na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Huko chini, kwenye midomo ya mito, kingo za ziwa na mashamba ya mpunga, ndiko kwarara mweupe hupata riziki yake.

Kwa maana hiyo, chemchemi iliyokaushwa Nyamira humhusu kwarara ambaye huenda hajawahi kutua Nyamira. Ardhi chepechepe hushika maji ya mvua kama sifongo na kuyaachilia taratibu wakati wa kiangazi. Ikiondolewa, mto hufurika ghafla masika na kupungua sana kiangazi, huku udongo mwekundu wa milimani ukisombwa hadi ziwani. Anayeathirika kwanza ni mwanadamu anayeteka maji mtoni, kisha samaki, kisha ndege anayemtegemea samaki na chura.

Huko nyanda za chini kuna hatari nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 2000, mtafiti Martin Odino alifichua jinsi ndege walivyokuwa wakiuawa kwa sumu ya kabofurani katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, Kaunti ya Busia, kisha nyama yao ikaliwa na kuuzwa. Miongoni mwa waliotegwa walikuwa korongo wanaotafuta konokono kwenye maji ya kina kifupi, yaani ndege wanaokula mahali pamoja na kwarara mweupe. Sumu hiyo iliundwa kuua wadudu waharibifu, na mtu anayekula nyama ya ndege aliyeuawa nayo huhatarisha afya yake.

FUNZO LA MISRI

Historia ya kwarara mweupe yaonyesha kwamba kupendwa hakutoshi kumhifadhi ndege. Katika Misri ya kale aliheshimiwa kuliko ndege wengi. Thoth, mungu wa hekima na uandishi, alichorwa akiwa na mwili wa mtu na kichwa cha kwarara. Waumini walimtolea kwarara waliokaushwa na kufungwa kwa sanda za kitani, na mamilioni ya maiti hizo zimepatikana katika mapango ya Saqqara na Tuna el-Gebel.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Wamisri waliwafuga ndege hao kwa wingi. Utafiti wa chembechembe za urithi uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba tofauti za kinasaba miongoni mwa kwarara hao wa kale zilikaribiana na zile za kwarara wa porini wa leo. Hiyo ni ishara kwamba wengi walikamatwa vinamasini, pengine wakatunzwa kwa muda mfupi kabla ya kutolewa sadaka.

Licha ya heshima yote hiyo, kufikia katikati ya karne ya 19 kwarara mweupe alikuwa amekoma kuzaliana Misri. Vinamasi vilipogeuzwa kuwa mashamba, ndege alikwenda navyo.

Kinyume chake kimetokea Ulaya. Kwarara weupe waliotoroka katika bustani za wanyama walianza kuzaana nchini Ufaransa, wakaongezeka hadi maelfu na kushutumiwa kwa kula mayai ya ndege wa huko. Serikali iliamuru wapunguzwe kwa risasi, na mnamo 2016 Umoja wa Ulaya ulimweka katika orodha ya viumbe wageni waharibifu. Ndege yuleyule aliyetoweka alikotukuzwa, amekuwa kero alikopelekwa. Penye maji, chakula na mahali pa kuzalia ataishi. Pasipo na hivyo, hakuna sifa itakayombakiza.

SHERIA INASEMAJE

Kidunia, spishi zote mbili zimewekwa katika kundi la zile ambazo hazimo hatarini kwa sasa. Daraja hilo huangalia bara zima. Haliwezi kueleza ni bonde gani la Kisii lililompoteza ndege wake.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawalinda ndege wa porini nchini. Aidha, kwarara mweupe ametajwa katika Mkataba wa Ndege wa Majini Wanaohama wa Afrika na Ulaya-Asia, uliopitishwa mwaka wa 1995 na ambao Kenya ni mwanachama wake. Kwarara hijani hakutajwa humo, kwa kuwa hakuhesabiwa miongoni mwa wasafiri wa majini. Mkataba wenyewe, kwa namna yake, umewatenganisha binamu hawa.

Kuhusu makazi, kanuni za mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zinasimamia ardhi chepechepe na kingo za mito. Mwaka huohuo, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na kwenye chemchemi ikatwe. Agizo hilo lilizua mjadala mkali katika maeneo ambayo mti huo ulikuwa akiba ya familia.

Kenya pia iliridhia mkataba wa kimataifa wa Ramsar kuhusu ardhi oevu mwaka wa 1990. Kufikia 2012 ilikuwa imeorodhesha maeneo sita: maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita, pamoja na delta ya Mto Tana. Hakuna hata moja kati ya hayo sita lililoko Gusii. Mabonde ya Kisii na Nyamira ni madogo na yamo mikononi mwa watu binafsi, kwa hivyo ulinzi wake unategemea zaidi uamuzi wa wenye mashamba kuliko uzio wa serikali.

NAMNA YA KUWATAMBUA NA KUWAREKODI

Kwa msomaji anayetaka kuanza leo, alama chache zinatosha. Ndege wa kijivu-kahawia mwenye mdomo uliopinda, mstari mweupe shavuni na kelele nyingi, akitembea kwenye nyasi au shamba wawili wawili au kwa kikundi kidogo, ni kwarara hijani. Ndege mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi tititi na mdomo uliopinda, akiwa kimya kando ya maji au tope, ni kwarara mweupe. Ndege mweupe mwenye mdomo wa manjano ulionyooka, karibu na ng'ombe, ni yangeyange.

Mahali pa kumtafuta kwarara mweupe katika kaunti hizi ni pale penye maji ya wazi: mabwawa ya kunyweshea mifugo, mabonde mapana ambayo hayajapandwa miti, na malisho yaliyotuamisha maji baada ya mvua kubwa. Wakati mzuri ni asubuhi na jioni.

Anayemwona anaweza kufanya jambo la maana zaidi ya kushangaa. Mradi wa Kenya Bird Map huwaalika wananchi kuandikisha ndege waliowaona, ambapo nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili ya ndege wote walioonekana mahali fulani ni yenye thamani kuliko taarifa ya ndege mmoja, kwa sababu huonyesha pia nani hakuonekana. Kumbukumbu za aina hii hulinganishwa na zile za atlasi ya ndege wa Kenya iliyotolewa na Adrian Lewis na Derek Pomeroy mwaka wa 1989, na hivyo mabadiliko ya miongo kadhaa hudhihirika. Vilabu vya mazingira shuleni vinaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari, kalamu na darubini moja ya kugawana.

Kwa mwenye shamba, hatua za kuwafaa kwarara wote wawili hazihitaji mtaji mkubwa: kuacha ukanda wa nyasi na matete kando ya mto, kuhamishia mikaratusi sehemu za juu zilizo kavu, kupanda miti ya kiasili karibu na chemchemi, na kutotupa mabaki ya dawa za mimea majini. Faida ya kwanza ya hatua hizo humrudia mkulima mwenyewe, kwa kisima kisichokauka Januari.

Kwarara hijani, kwa kelele zake, atajitangaza mwenyewe kila asubuhi. Kwarara mweupe hana mazoea hayo. Akikosa maji huhama bila kuaga, na mahali alipokuwa hapasikiki upungufu wowote. Ndiyo maana, katika hesabu ya ndege wa Gusii, mmoja yatosha kumsikiliza, lakini mwingine sharti atafutwe kwa macho.